Taa ya Tatu ya Mwandoya

Kama umewahi kuandika amri moja kwenye ruta, ukabonyeza kitufe, halafu kioo kikanyamaza kama mtu aliyenuna, sogea hapa tuongee. Ule ukimya naujua. Nimefanya kazi ya mitandao karibu maisha yangu yote ya utu uzima, miaka mingi zaidi hapa Bariadi katika kampuni ya pamba, na nimestaafu nikiukumbuka ukimya mmoja kuliko mwingine wowote. Ulikuwa wa laini ya Mwandoya. Nusura umfukuzishe kazi mwanamke ambaye hakuwa na kosa, na aliyetaka kumfukuzisha ni mimi.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya vijana wawili mafundi waliokuja nyumbani majuzi, wakanikuta naanika michembe, vipande vya viazi vitamu. Walikuwa wamesafisha stoo ya ofisi moja wakaokota boksi jeusi lenye taa tatu mbele.

"Mama Kabula," mmoja akaniuliza akiligongagonga, "hii si stabilaiza ya friji?"

Nilicheka hadi nikamwaga michembe. Ilikuwa modemu, mwanangu. Ilikuwa mdomo na sikio la ofisi nzima.

Waya wa simu ulitengenezwa kubeba sauti ya mtu. Kompyuta haina sauti. Kazi ya modemu ilikuwa kuipa kompyuta sauti ya mluzi ipite kwenye waya, na modemu ya upande wa pili iugeuze ule mluzi kuwa maneno ya kompyuta tena. Lakini kabla ya kupitisha chochote, modemu mbili lazima zisalimiane: wewe unaweza kwenda kasi gani? Waya unausikiaje huko kwako? Tukikosea tunarudiaje? Sisi tuliokulia katika Kisukuma hatukuhitaji kufundishwa jambo hili mara mbili. Ukimkuta mtu asubuhi huanzi na shida yako. Unasema mwangaluka, unaitikiwa mwangaluka, mhola, yaani salama? Nyumbani je, watoto je, ng'ombe je, mvua imefika? Baada ya hapo ndipo unasema kilichokuleta.

Aliyenifundisha kazi, Mzee Sitta, alikuwa akiziba sikio moja kwa kidole na kusikiliza ule mluzi kwa sikio la pili. "Subiri," angesema, "bado wako kwenye habari za ng'ombe." Mluzi ukibadilika na kuwa mvumo mmoja aliitikia kwa kichwa. "Haya. Sasa wameingia kwenye mazungumzo."

Mwanzoni niliseti kila modemu kwenye kasi ya juu kabisa, maana kitabu kilisema inaweza. Laini ikawa inakatika kila robo saa. Mzee Sitta hakunigombeza. Alisema, "Kabula, umewaambia wasalimiane huku wanakimbia. Waya wenyewe una viungo vilivyofungwa kwa mkono njia nzima. Wapunguzie mwendo." Nikapunguza, na mzigo wa siku ukaanza kufika mapema kuliko mwanzo, kwa sababu hakuna aliyelazimika kuanza upya. Mkiwa na laini mbovu leo, iwe ya waya au ya hewani, jaribuni hilo kabla ya kununua kifaa kipya.

Kitu kingine alichonifundisha ni kwenda kutazama. Laini ya Mwamapalala ilikuwa inakatika kila siku karibu na saa sita mchana. Nilibadilisha kadi, nikabadilisha kebo, nikaandika upya usanidi wote. Mzee Sitta alinichukua tukakaa karibu na nguzo ya simu, nje ya kijiji, tukila karanga. Saa sita ikafika, na ng'ombe wakarudi kutoka lamboni. Dume moja kubwa likaiendea ile nguzo moja kwa moja na kuanza kujikuna shingo. Nguzo ikayumba, kiungo cha waya kule juu kikalegea.

"Baba," nikamwita mwenye ng'ombe, "dume lako linatuharibia laini!"

"Linapenda sana huo mti wenu."

"Si mti, ni nguzo ya simu."

"Mimi najua," akasema. "Nenda kamwambie yeye."

Tulifunga matawi ya miiba kuzunguka nguzo. Kwenye ripoti niliandika kwamba hitilafu imezungushiwa miiba, na meneja akaniita nifafanue.

Sasa kubana data. Ukitaka kuelewa, nenda kiwanda cha kuchambua pamba. Pamba iliyochambuliwa ikiwa huru inajaza lori zima kwa hewa tupu, uzito wake mdogo. Ipitishe kwenye mashine ya kushindilia, inatoka robota gumu kama ukuta, na lori lile lile linabeba mzigo mara kadhaa. Waya wetu ulikuwa ndiyo lori, tena lori dogo bovu. Kwa hiyo ruta, kile kifaa cha nyuma ya modemu kinachoelekeza data njia yake, ilishindilia maneno kabla ya kuyapakia, na ruta ya upande wa pili ikayafungua.

Hapo kuna mambo mawili ambayo nawaomba myashike. La kwanza, robota halishindiliwi mara mbili. Niliwahi kuiambia modemu ibane na ruta nayo ibane, nikidhani nitapata maradufu. Mtandao ukawa mzito kuliko siku zote, mashine mbili zikihangaika kukandamiza kitu kisichobonyea tena. Chagua mmoja afanye, mwingine mwambie apumzike. La pili ndilo lililotufikisha Mwandoya. Anayepokea robota lazima ajue kwamba ni robota. Kwa aina ya laini tuliyotumia, ruta hazikuulizana kuhusu kubana kama modemu zinavyosalimiana. Upande mmoja ukianza kubana na mwingine hajaambiwa, yule wa pili anapokea vitu asivyovielewa, na laini inaanguka.

Nilikuwa nalijua hilo. Nalisema wazi ili msidhani makosa hufanywa na wasiojua.

Kampuni ilinunua kadi za kubana, vipande vidogo vinavyochomekwa ndani ya ruta ili kazi hiyo isiichoshe ruta yenyewe. Msimu wa pamba ulikuwa unafunguliwa, na kila kituo cha kununulia kilitakiwa kutuma Bariadi orodha ya mizigo ili malori yapangwe. Mzee Sitta akazunguka vituoni kufunga kadi: Maswa, Mwamapalala, mwisho Mwandoya. Akiwa huko akapata taarifa ya msiba kwao Maswa, akaenda kuzika moja kwa moja. Mimi nikabaki Bariadi kuandika amri upande wetu.

Nikaandika ya Maswa, laini ikatikisika kidogo ikasimama. Mwamapalala vilevile. Nikaandika ya Mwandoya, na kioo kikanyamaza.

Nilifikiri namna hii: amri ni ile ile, vituo viwili vimekubali, kwa hiyo aliyekosea ni Mwandoya. Karani wa zamani wa pale alikuwa na tabia ya kuchomoa plagi ya modemu ili apige pasi shati lake. Aliyemrithi alikuwa mama kijana aitwaye Minza, mwenye mapacha, Kulwa na Doto, wakiishi chumba cha nyuma ya kituo. Nikachukua redio ya mawasiliano, ile ambayo vituo vyote husikia kwa pamoja.

"Mwandoya, Mwandoya, Bariadi hapa."

"Mwangaluka, dada Kabula."

"Minza, laini imekufa. Umechomoa nini?"

"Sijachomoa kitu, dada. Taa ya kwanza inawaka, ya pili inawaka. Ya tatu ndiyo imezimika."

"Sikukuuliza habari za taa. Umechomeka pasi?"

"Hatuna pasi, dada."

Nikamsikia mtu wa Maswa anacheka. Nikakasirika zaidi. "Usinifundishe kazi, Minza. Rudisha plagi mahali pake."

Meneja akaingia kuuliza kuna nini. Nikasema, "Karani wa Mwandoya atakuwa amechomoa mashine."

"Atakuwa amechomoa, au amechomoa?"

Mnaona, alinipa nafasi. Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa fundi wa kike peke yangu katika kampuni nzima, na niliona kusema sijui kutanipunguza. Nikasema, "Amechomoa."

Siku tatu malori yalitembea kwa kubahatisha. Ghala la Mwandoya likajaa, wakulima wakawa wanalala juu ya mikokoteni yao na pamba nje, na Minza akishinda kwenye redio anasoma orodha kwa sauti mpaka ikamkauka. Siku ya nne Mzee Sitta akarudi. Meneja akatuita, akampa bahasha iliyofungwa. "Nendeni mkaitengeneze laini. Mkimaliza, mpeni karani hii. Atakabidhi na chumba."

Mzee Sitta aliniangalia, akanipa mimi ile bahasha niibebe. "Wewe ndiye unayejua alichokifanya," akasema. Basi. Niliiweka kwenye mkoba, juu ya koleo na kebo.

Dereva wetu, Masanja, alikuwa mtu wa kuongea. Tulipopita Mwanhuzi akauliza, "Ile bahasha ni ya Minza?"

"Ndiyo."

"Anapandishwa cheo?"

Mzee Sitta akageuka kutazama dirishani. Masanja akaongeza mwendo.

Minza alitupokea mlangoni, akapiga goti kidogo kumsalimia Mzee Sitta, akanipa mkono mimi kama vile sikuwahi kumwambia neno baya. Ndani kulikuwa safi kuliko ofisi yetu. Modemu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na mbele kitambaa kimetobolewa matundu matatu, kila tundu mbele ya taa yake.

"Nani amekuambia uifunike?" nikauliza.

"Vumbi la mikokoteni, dada. Lakini taa nilitaka kuziona."

Mzee Sitta alikipandisha kitambaa taratibu. "Vizuri sana. Ila inapumua kwa ubavuni, mwanangu. Funika juu tu." Halafu akaniambia, "Muulize."

"Nimuulize nini?"

"Alichokiona."

Minza hakungoja niulize. Alileta daftari la shule, la hesabu za Kulwa, na kulifungua kwa nyuma. Kurasa na kurasa kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Saa mbili, taa tatu. Saa tatu, taa tatu. Kila siku, tangu wiki aliyoajiriwa.

"Nani alikuagiza uandike?" Mzee Sitta akauliza.

"Hakuna, baba. Waliniambia niilinde mashine. Sikujua mashine inalindwaje. Nikasema basi nitaiangalia."

Nikafunua hadi siku ile. *Saa nne na dakika kumi, taa mbili. Nimemwambia dada wa Bariadi.* Chini yake: *Saa tano, taa mbili.* Chini yake tena: *Saa sita, taa mbili. Hatuna pasi.*

Nami nilikuwa na daftari langu la kazi kwenye mkoba. Nililitoa, mkono ukagusa ile bahasha. Amri ya Mwandoya, saa nne na dakika tisa.

Mzee Sitta alinielekeza kama ananifundisha siku ya kwanza, bila kupandisha sauti. "Plagi ikichomolewa, taa ipi inazimika?"

"Zote."

"Taa ya pili ni ya nini?"

"Modemu zimeshasalimiana."

"Na ya tatu?"

"Ruta zinaelewana." Nilikuwa nimeshafika. Kwa taa mbili peke yake Minza alikuwa ameniambia kila kitu siku ile ile, dakika ile ile: umeme upo, waya mzima, modemu ziko sawa, tatizo liko kwenye ruta. Fundi yeyote angelipia safari nzima kupata taarifa kama hiyo. Mimi nilimuuliza habari za pasi.

Tukaunganisha kebo kwenye ruta yake na kusoma usanidi. Kadi ya kubana ilikuwa ndani, imekaa vizuri. Amri ya kuitumia haikuwepo.

Mzee Sitta akavua miwani. "Niliitwa msibani nikiwa nimeshika bisibisi. Maswa na Mwamapalala niliandika. Hapa sikuandika, na sikukuambia."

"Na mimi sikuuliza."

Niliandika ule mstari mmoja. Tukangoja. Taa ya tatu ikacheza, ikazima, ikawaka, ikabaki. Masanja akapiga makofi mlangoni. Minza alichukua kalamu kwanza, akatazama saa, akaandika: *Saa saba kasoro robo, taa tatu.* Alipomaliza nukta ndipo akatabasamu.

Nikamvuta pembeni kumwomba radhi. Mzee Sitta akakohoa. "Ulimtuhumu wapi?"

"Kwenye redio."

"Redio ile pale."

Nimeandika amri nyingi maishani. Hakuna kitufe kilichokuwa kigumu kubonyeza kama kile cha redio ya Mwandoya. "Vituo vyote, hapa ni Kabula, niko Mwandoya. Siku nne zilizopita nilisema Minza amechomoa mashine. Hakuchomoa. Aliniambia ukweli nikamfokea. Nilianza kubana upande wangu kabla sijahakikisha upande wake. Kosa ni langu."

"La kwangu nusu," Mzee Sitta akasema kwa nyuma, kwa sauti ya kusikika.

Kisha meneja: "Nimesikia. Bahasha irudi mezani kwangu ikiwa imefungwa." Akakata. Papo hapo ikaingia sauti nyingine: "Bariadi, hapa Maswa. Na ile ya mwezi uliopita, uliposema tumemwagia ruta chai?"

Masanja akacheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa namtazama Minza.

"Bahasha gani, dada?"

Niliitoa nikamwonyesha jina lake. Alilisoma. Akageuka kutazama mlango wa nyuma, ambako nguo za mapacha zilikuwa zimeanikwa.

"Ungenipa?"

Ningeweza kumwambia nisingeweza. Lakini nilikuwa nimeshasema neno moja la uongo wiki ile na nilijua lilikofika. "Ningekupa," nikasema.

Alienda kuzianua nguo zile. Aliporudi akasema, "Msiondoke bila kula." Tukala ugali na mlenda, na maziwa ya mgando. Hakunitazama mpaka sahani zilipoondolewa. Alipotusindikiza garini ndipo akaniambia, "Dada, nikikwambia tena taa mbili, utanisikia?" Nikamwambia nitamsikia. "Wabeja," akanishukuru.

Kuanzia msimu ule kila kituo kikawa na daftari la taa, na sisi Bariadi hatukugusa laini yoyote kabla ya kumuuliza aliyeko kule: unaona nini? Mwaka uliofuata nilipofunga kadi katika vituo vipya nilianza na upande wa mbali kila mara. Ukianza mbali, laini ikianguka unabaki na upande wako mkononi, unauandika nao, inarudi. Na kabla ya kuuandika ule wa mbali, nilikuwa naiagiza ruta ya kule ijiwashe upya baada ya dakika kumi, bila kuhifadhi mabadiliko yangu. Nikikosea na kujikata, inarudi yenyewe kwenye usanidi wa zamani. Nikifanikiwa, nafuta agizo ndipo nahifadhi. Vifaa vyenu vya leo vina majina mengine, na vingi vinaulizana vyenyewe mambo ambayo vyetu havikuulizana. Agizo la kurudi nyuma bado lipo kwenye karibu kila kimojawapo. Litafuteni leo kabla hamjalihitaji.

Msiogope kukosea. Nawaambia kwa moyo wote, maana naona mnavyojificha kioo kinaponyamaza. Kosa la amri lilinichukua mstari mmoja kulirekebisha. Lililotaka kuharibu maisha ya mtu ni lile neno nililompa meneja ili nionekane najua.

Modemu ziling'olewa zamani. Kituo cha Mwandoya kiliuzwa, na Minza analima huko huko, mapacha wakiwa na familia zao. Siku nyingi hatuongei kwa kirefu. Ila kila asubuhi, karibu saa mbili, simu yangu inalia na ujumbe wake ni ule ule: *Mwangaluka. Taa tatu.* Najibu *Mhola, taa tatu,* naendelea na shughuli zangu.

Mwezi uliopita aliandika: *Mwangaluka. Taa mbili.*

Sikumuuliza amechomoa nini. Niliacha michembe juani, nikafunga mlango, nikaenda stendi kupanda basi la Mwandoya.